Wageni Wasio na Viatu

Maengsun aliwapima wageni wake kwa viatu. Kwao anayeingia ndani huacha viatu mlangoni, awe mkubwa wa serikali au mwizi mwenye adabu.

Tangu ugonjwa wa Parkinson umtetemeshe mikono na kumkaza miguu, walimjia watu. Mzee mwenye kofia ya kijivu alipenda kukaa kwenye mto wa wageni. Watoto walichungulia nyuma ya pazia. Paka alipita pembeni mwa jicho; ukigeuka, hayupo. Hawakusema, hawakula, na hawakuwa na viatu. Basi Maengsun alikuwa akivuta shingo na, akiona mlangoni patupu, akiwaacha wakae. Kumfukuza mtu asiyekuwepo ni kujichosha bure.

Hakumwambia mtu. Mwanawe, Dohwan, akisikia tu, angempeleka kwenye nyumba ya wazee kule kilimani, ambako watu hulala mapema kama kuku na supu haina pilipili.

Siku moja mvua ilimwagika tangu asubuhi. Afisa wa ustawi wa wazee alikuwa anakuja kuamua kama Maengsun aendelee kukaa kwake. Bibi hakutulia: mara apange mapea, mara ayapangue, mara aende chooni bila haja.

Alipotoka chooni akiburuta miguu, alimkuta mwanamke wa koti la bluu ameketi kwenye ule mto. Akatupa jicho mlangoni. Viatu vya Dohwan tu.

“Hujambo, bibi?” akasema mwanamke.

Makubwa! Leo wameanza na kusema! Maengsun akageukia ukuta, akaketi.

“Bibi, unanisikia?”

Maengsun akazidi kuutazama ukuta.

Dohwan akatoka jikoni na chai. “Mama, mbona humjibu mgeni?”

“Kwani na wewe unamwona?”

Neno likishatoka halirudi. Dohwan akabaki ameshika sinia kama sanamu.

“Viatu vyake viko wapi?” Maengsun akafoka.

“Vilikuwa vinachuruzika maji. Nimeviweka kabatini.”

“Umenimaliza, mtoto wewe! Ustaarabu wako utanizika.”

Yule mwanamke, afisa mwenyewe, akainama kidogo. “Bibi, wapo wengine hapa sasa hivi?”

Alikuwa amechelewa kukana. “Yupo mzee wa kofia. Umemkalia.”

Afisa akaruka kama aliyekalia mwiba, kisha akacheka mpaka akapangusa macho. “Bibi, wenye ugonjwa huu wengi huwaona. Daktari lazima ajue, pengine dawa zako zinahitaji kuangaliwa. Kwako utakaa. Ila usifiche. Ukimwona yeyote, mwambie mwanao. Nikija nikagundua umeficha, tutapanda kilima pamoja.”

“Nimesikia, mwanangu.”

Afisa akavaa viatu vyake, akatoka. Maengsun akashusha pumzi, akatazama mlangoni kwa mazoea.

Kando ya viatu vya Dohwan palikuwa na viatu vyekundu vya mtoto, vimepangwa vizuri kabisa.

Sasa hata viatu! Akaufumba mdomo, akaufumbua, akaufumba tena. Kilima kile kilionekana dirishani, kimelowa.

“Dohwan,” akasema hatimaye, “hivyo viatu vyekundu ni vya nani?”

Dohwan akatazama kando ya viatu vyake, sakafu tupu. Akamgeukia mama yake.

“Mimi sivioni, mama.”

“Basi ukipita, zunguka,” akasema Maengsun, akivuta kikombe kwa mikono yake inayotetemeka. “Usije ukamkanyagia mtoto wa watu viatu.”