Wavu wa Mogesi

Mimi Mokami binti Mogesi sisahau. Watu wananiambia, mama, samehe, yamepita. Yamepita kwako! Mwaka wa sabini na nne, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huku Nyarero, mizigo yangu ikiwa tayari kwenye rori, Kisyeri, balozi wetu wa nyumba kumi, alinyanyua wavu wa chuma wa kuchomea nyama, wa baba yangu, akasema, "Hii ni mali ya kijiji." Vyungu hakuvitaka. Mkeka hakuutaka. Aliutaka wavu tu, akaupeleka kwake, akawa anawachomea wageni wake mbuzi.

Baba hakuzaa mtoto wa kiume. Wavu ule aliutengeneza kwa machekeche mawili ya chuma kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Genkuru, alikofanya kazi ujanani. Akanifundisha mimi kuchoma, watu wakinung'unika kwamba mwanamke hachomi nyama ya wazee. Alipokufa, wavu huo ndio alioniachia. Miaka miwili nilisikia harufu ya nyama ikitoka kwa Kisyeri, na moyo ukaniwaka kuliko mkaa wake.

Saba Saba ya mwaka sabini na sita ilipokaribia, Katibu Kata, Bwana Joram, mtu wa Ukerewe, akabandika tangazo kwenye ukuta wa ghala. Kijiji kinafungua hoteli. Wachomaji washindane, na mshindi ndiye atakuwa mpishi, na vyombo vyote vya kuchomea vya kijiji vitakuwa mikononi mwake. Vyote! Nilisoma mara tatu. Nilikuwa nimemaliza kisomo cha watu wazima mwaka huo, na mstari wa mwisho niliufuata kwa kidole: mshindi atapatikana kwa kura.

Sasa, sisi Wakurya, ra na la kwetu ni ng'ombe wa zizi moja, hatuwatenganishi. Na Kisyeri kisomo alikikataa, eti mzee mwenye heshima hafundishwi a-e-i-o-u. Tangazo alisomewa na jirani yake, kwa ulimi wetu huu huu, naye akalitangaza nyumba hadi nyumba: "Mshindi ni kwa kula! Atakayelisha wengi, wakashiba mapema, ndiye!" Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningeweza kumwambia. Nikafunga mdomo, tena nikaufunga kwa raha.

Wachomaji wengine walijitoa waliposikia balozi yumo, tukabaki wawili. Nikaenda ghalani kuchagua vyombo. Palikuwa na nusu pipa zuri tu kwa macho. Nikalinusa, dawa ya josho. Thubutu! Simchomei mtu nyama humo. Palikuwa na sengenge mpya inang'aa, lakini sengenge ile ikishika moto inaitia nyama uchungu. Nikaiacha. Nikachimba shimo langu la kina cha goti, nikaweka mawe manne pembeni, nikakata fito mbichi za mpera, nikazimenya na kuzipanga juu. Mkaa wa mgunga. Maji ya chumvi kwenye kibuyu, na kifagio cha majani cha kunyunyizia. Basi.

Kisyeri akaja, mkono kiunoni. "Binti Mogesi, utachomea vijiti kama mchunga mbuzi?"

"Ndivyo vilivyobaki, balozi."

"Pole sana," akasema, akicheka. Cheka tu, mzee.

Maana kulikuwa na jambo tulilolijua mimi na mama yangu, Wegesa, peke yetu. Yale machekeche mawili baba aliunganishiwa na fundi wa sufuria, kwa misumari ya madini yale yale ya sufuria. Na mpishi yeyote anajua, sufuria ukiisahau kavu kwenye moto mkali inayeyuka. Ndiyo maana baba aliuweka wavu juu, kwenye mawe marefu, kwa mkaa uliotulia, wala hakuruhusu ndimi za moto ziuguse.

Siku yenyewe tukapewa mbuzi wawili kila mmoja. Kisyeri akaulaza wavu chini kabisa, akawatandaza mbuzi wote kwa mpigo mmoja, akasukumia kuni. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka.

"Balozi!" nikamwita. "Mbona moto mdogo? Watu wana njaa!"

Akaongeza kuni.

Mama, aliyekaa nyuma yangu, akanivuta kanga. "Mokami. Ule ni wavu wa baba yako."

"Najua, mama."

"Mwambie auinue."

"Simwambii."

Haukupita muda. Wavu ulilia kwa mlio mmoja, ukajikunja katikati, mbuzi wote wakaporomoka motoni. Loo, majivu yale! Watu wakashika mbavu kwa kicheko. Kisyeri akachomoa vipande kwa fimbo, huku ni mbichi, kule ni mkaa, akawagawia akipiga kelele, "Kuleni, majivu ni dawa!" Wenye njaa wakala. Naye akamgeukia Bwana Joram, jasho linamtiririka: "Umeona? Wamekula kwangu kwanza!"

Bwana Joram alikuwa anasubiri nyama yangu iive. Ilipoiva na kila mtu kuonja, akaleta vibuyu viwili na debe la mahindi, kila mtu punje moja. "Sasa kura."

"Si wamekwisha kula?"

"Kura, mzee. Ku-ra."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kibuyu chake kilipotikiswa kililia punje mbili tatu, nadhani za wake zake.

Jioni akaniletea wavu, kipande kila mkono. "Ulijua, Mokami."

"Nilijua. Siku unaubeba ungeniuliza unatumikaje, ningekuambia."

Akatazama chini. "Na hotelini, nitapata nyama kweli?"

"Kula utakula, Kisyeri. Kura ndiyo hukupata."

Nilicheka mpaka alipopotea kwenye kona ya ghala. Kisha nikaviweka vile vipande chini, ukingo kwa ukingo, kama baba alivyoviweka. Havikukutana tena, moto ulikuwa umevipinda. Mama akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye tundu moja la msumari.

"Sasa umeshiba?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeshiba. Kisha nikakaa chini karibu naye, nikalia.