Lebo ya Chini Kabisa

Kampuni ilipotimiza miaka hamsini iligundua ghafla kwamba ina historia. Kabla ya hapo ilikuwa na kanda tu, elfu nne na ushee, zimepangwa kwenye chumba cha chini chenye dirisha moja lisilofunguka, pamoja na mwanamke mmoja wa kuzilinda. Wenzake walimwita Mama Vumbi, mbele yake na kisogoni, na jina lilikuwa limemkaa kiasi kwamba hata fomu ya likizo nusura aijaze nalo.

Basi wakubwa wakaagiza filamu ya saa nzima. Ingeonyeshwa kwenye televisheni ya kampuni siku ya sherehe, saa kumi alasiri, na redio nayo iirushe, ili wasio na televisheni wasikilize maelezo ya picha wasizoziona. Mswada ukateremshwa chini kwa Mama Vumbi atafute sauti za zamani. Alianza kuusoma amesimama. Alipofika mstari wa nne akakaa. Ulisema sauti ya kwanza kabisa kwenda hewani ilikuwa ya Mwenyekiti wa Bodi, enzi hizo mtangazaji kijana.

Mama Vumbi aliijua sauti ya kwanza. Ilimfundisha kusema, ikamkaripia miaka thelathini, na sasa ilikuwa imezimika.

Ilikuwa ya mama yake. Mama aliajiriwa kampuni ilipoanza, mpiga chapa, meza ya pili kutoka mlangoni. Siku ya ufunguzi huyo mtangazaji kijana alivaa tai mpya, akanywa maji glasi tano, na taa nyekundu ilipokaribia kuwaka, koo likagoma. Akafungua kinywa kikatoka kitu kama bawaba ya mlango. Fundi mitambo akatazama huku na huku, akamwona mpiga chapa aliyekuwa ameyachapa maneno yale mara mbili na kuyakariri bila kukusudia. Akamsukuma ndani. Mama akasoma dakika tisa bila kujikwaa, na mwishoni akaongeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye karatasi: alitaja jina lake, yote matatu, la baba na la babu. Alipotoka alikuta nyuso zimevimba. Aliambiwa hewa si ya kujitangazia ukoo, akarudishwa kwenye taipureta, na hapo akakaa mpaka anastaafu.

Hadithi hiyo mama aliisimulia mpaka mtaa mzima ukaichoka. Majirani walisema bibi yule anapiga chuku, na wengine wakamwita Mama Redio, wakicheka. Kisha ukaja uvimbe kooni, ukaja upasuaji, na sauti ikabaki hospitali. Tangu hapo mama aliongea kwa chaki kwenye kibao cha shule, kwa herufi kubwa, bila kupoteza neno. Jioni ile Mama Vumbi alipomweleza habari za mswada, mama aliandika: NATAKA WASIKIE NI MIMI. Akakisimamisha kibao juu ya kabati, mkabala na meza ya chakula. Kwa wiki mbili Mama Vumbi alikula anakitazama.

Sasa, kutafuta kanda katika chumba kile kulikuwa na kanuni zake. Kanda mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo za zamani zilirekodiwa juu tena na tena, na kila mara lebo mpya ilibandikwa juu ya lebo ya zamani. Hakuna aliyebandua, kubandua ni kazi, na kazi isiyolipwa ya nini? Makasha mengine yalikuwa na lebo saba, mazito upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Mama Vumbi akaleta birika la umeme. Akawa anashika kasha juu ya mvuke mpaka gundi inalainika, anachungulia chini, anaendelea na jingine. Waliopita mlangoni walimuuliza kama historia imeiva.

Siku ya kumi na moja ilimjia. Lebo ya chini kabisa ilikuwa imepigwa chapa: UFUNGUZI, DAKIKA 9. Herufi F ilikuwa imepinda mguu, na taipureta yenye F ya namna hiyo ilikuwa moja tu katika jengo lile, ya mama yake. Kisha akaangalia lebo alizozibandua juu yake. Ya kati iliandikwa kwa wino wa kijani, *Haina umuhimu, itumike tena*, na saini ya Mkurugenzi wa Vipindi wa wakati huo, ambaye leo ndiye Mwenyekiti mwenyewe. Na ya juu: *Hotuba ya Mkurugenzi kwa Wafanyakazi, dakika 8.*

Mwandiko wa hiyo ya juu aliujua. Ulikuwa wake.

Siku alipouandika alikuwa na miezi minne kazini. Aliletewa boksi la kanda za kutumika tena, akachukua ya juu, akaipachika mashinani, akarekodi. Hakuchungulia chini. Nani alichungulia? Siku ile ile alirudi nyumbani akamkuta mama anasimulia hadithi yake ya dakika tisa, naye, binti msomi mwenye kazi mpya, akamwambia, "Mama, hiyo tumeisikia."

Akaipachika kanda. Mkurugenzi alizungumzia uadilifu, akapiga chafya, akaomba radhi kwamba ana mafua. Siku nyingine angehutubia mpaka mashine ichemke. Mafua yalimkatisha dakika ya nane. Ukafuata mvumo mtupu. Kisha, kutoka chini ya mvumo, binti wa miaka ishirini na miwili akamalizia sentensi yake, akawatakia wasikilizaji mchana mwema, akavuta pumzi, na bila haraka akataja jina lake, la baba yake na la babu yake.

Mama Vumbi aliirudisha nyuma mara sita. Mara ya saba alizima kwa sababu alikuwa haoni vizuri.

Alipanda ghorofa ya tatu kwa Meneja Mkuu na kanda mkononi. Zile lebo tatu zilikuwa ndani ya bahasha, kifuani. Alikuwa amekata kauli kwamba wakikataa, anaitoa ya kijani, na liwalo na liwe. Lakini Meneja hakukataa. Alisikiliza, akafurahi meno yote nje, akamwita dada yangu, akasema hii ndiyo dhahabu yenyewe. Kanda ibaki kwake kwa usalama, na mama asikose kutazama. Mama Vumbi akashuka ngazi mbili mbili. Bahasha haikufunguliwa, na hakuulizwa lebo ziko wapi.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa wageni wenye kadi. Chumba cha kanda hakikupata kadi, basi Mama Vumbi akatazamia nyumbani. Mama alivaa nguo yake nzuri na hereni. Majirani wanne walikuja, wawili kwa heshima na wawili kwa umbea, na yule wa umbea zaidi akakaa karibu kabisa na televisheni.

Ilipofika dakika ya sita, ikaja. Mvumo, kisha sauti. Mama aliketi wima. Jirani wa mbele aligeuka taratibu kumtazama, kwa maana sauti ile waliwahi kuisikia ikiwaita watoto kwa miaka mingi. Mchana mwema, ikasema sauti. Ikavuta pumzi.

Muziki ukaingia.

Kwenye kioo ikatokea picha ya kijana mwenye tai, amevaa vipokea sauti vya masikioni, anatabasamu mbele ya maikrofoni. Baadaye ikaonyeshwa kabati ya kioo ukumbini, na ndani yake kasha la kanda, safi, lenye lebo moja tu ya maandishi ya dhahabu: *Mwenyekiti Wetu, Kipindi cha Kwanza.* Ilikaa vizuri. Chini yake hapakuwa na kitu cha kuinyanyua, kwa kuwa Mama Vumbi alikwisha kubandua vyote kwa mikono yake.

Alimpigia simu mhariri wa filamu, akiwa bado amesimama katikati ya sebule. Mhariri alimjibu kwa upole kwamba alikata sekunde tatu tu, filamu ilikuwa imezidi muda, na kuhusu picha, aliletewa ikiwa tayari na maelekezo. Akamwomba asiichukulie moyoni. Majirani walikunywa chai yao haraka wakaaga. Yule wa mbele, alipofika mlangoni, alisema, "Sauti ilifanana kweli, Mama Redio. Ilifanana sana."

Walibaki wawili. Mama aliandika: WAMEKATA. Akafuta. Akaandika: USHAHIDI?

Mama Vumbi alitoa bahasha kifuani, akampa. Baada ya kuitoa ndipo alipokumbuka ndani yake mna nini.

Mama alizipanga lebo juu ya kibao, moja chini ya nyingine. Ile yake ya chapa aliipapasa penye F. Ile ya kijani aliisoma akaguna puani, kama mtu aliyeletewa habari ya jana. Kwenye ya tatu alisogeza miwani. Alikaa nayo muda mrefu kuliko zote mbili. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kuandika. Alimshika mkono akamkanya, mkia wa herufi Y usiuvute namna hiyo, na binti hakusikia mpaka leo.

"Nilikuwa sijui, mama," alisema Mama Vumbi. "Iliandikwa itumike tena. Sikutazama chini."

Mama alishika chaki. Iligusa kibao, ikatulia hapo, ikaacha nukta moja nyeupe. Kisha akaiweka. Akachukua lebo yake ya chapa, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya blauzi. Ile ya kijani aliichana.

Ile ya mwandiko aliisukuma polepole kuvuka meza, mpaka ikagusa vidole vya mwanawe.