Mke Mwenza wa Dashibodi

Mjane wa Rubani alikuwa na mahali pamoja tu pa kumtazama mumewe: stoo. Hakumtazama sebuleni kwenye ile picha kubwa, wala kabatini alikotundika koti lake. Alimtazama stoo, kati ya ndoo za rangi na mwavuli uliovunjika mbavu, chini ya zege nene la ghorofa ya juu, mahali pasipo na dirisha. Kila asubuhi aliingia humo, akafunga mlango, akatia betri nne ndogo kwenye kile kisanduku cha GPS cha marehemu, akakiwasha.

Kujificha huko kulikuwa na sababu. Fundi wa ndege, aliyefanya kazi na marehemu tangu wote wawili wana nywele, alimweleza bila kumung'unya maneno.

"Shemeji, kumbukumbu ya hiki kitu imejaa. Kikiliona anga tu, kinaanza kuandika njia. Na kila nukta mpya inayoingia, nukta ya zamani kabisa inatoka."

"Si ukizuie kisiandike?"

"Ningekizuia. Lakini kitufe cha menyu mumeo alikiua kwa kidole gumba miaka minne iliyopita, na tundu la kuunganisha na kompyuta liliungua. Utakiwasha, utageuza kurasa, basi."

Kwa hiyo akawa anakiwasha pale ambapo hakiwezi kuliona anga. Kwenye kioo kidogo kama kiganja mistari ya buluu ilijitokeza, safari tano za mwisho za Rubani. Ile ya zamani kabisa waliruka wote wawili. Ile ya mwisho aliruka peke yake, wiki sita kabla ugonjwa haujamlaza moja kwa moja, na hakumwambia mtu. Mjane aliijua kama anavyojua mistari ya kiganja chake, ila sehemu moja ilimshinda. Alipofika karibu na nyumbani, badala ya kutua, Rubani alikwenda moja kwa moja sambamba na uwanja, akageuka, akarudi vilevile kando ya mstari wake wa kwanza. Mistari miwili iliyonyooka kama reli. Ndipo akatua. Mjane alimwuliza fundi maana yake. Fundi akakuna kichwa, akasema labda marehemu alikuwa anafurahia hewa, kisha akaanza kutazama viatu vyake.

Miezi saba sasa, kisanduku hakikutoka stoo ila ndani ya mkoba wake, kikiwa kimezimwa.

Mwenye kujua zamani angeshangaa, maana mwanamke huyu alikichukia kisanduku hicho tangu siku kilipoingia. Miaka ishirini alikaa kiti cha kulia cha ndege yao ndogo, ramani ya karatasi magotini, penseli sikioni na saa mkononi, na mumewe hakumwita kwa jina lingine ila Ramani. Halafu siku moja fundi akatengeneza kishikizo cha aluminiamu, akakikaza katikati ya dashibodi, na kile kisanduku kikakaa hapo kama bibi harusi. Kioo kimoja kikawa ramani, dira, mwendo, kimo, mawingu ya mvua, mpaka saa za vipimo zilizochorwa, kila moja na mshale wake.

"Zamani ulikuwa unaniuliza mimi," mke alisema.

"Hata sasa nakuuliza wewe, Ramani. Halafu nahakikisha kwake."

"Basi umeoa. Huyo ni mke mwenza."

Jina likashika. Hata hivyo, kazi moja hakunyang'anywa. Ndege ilipokuwa inakimbia kupaa, yeye ndiye aliyekazia macho saa ya zamani ya mwendo wa hewani, na mshale wake ulipoinuka kutoka sifuri alipaza sauti: "Umeamka!" Rubani hakuinua gurudumu bila neno hilo. Watoto waliokuwa nyuma walilipokea kwa kelele, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Kitinda, kifunga mimba wao.

Sasa Kitinda alikuwa na leseni yake mwenyewe, ya juma moja, bado inanukia wino. Na abiria wake wa kwanza alitaka awe mama yake.

"Nipe kisanduku, Mama," alisema asubuhi hiyo kwenye banda la ndege. "Tazama dashibodi ilivyo na pengo katikati. Kama kibogoyo anayecheka."

"Ruka na simu yako."

"Simu si kitu kimoja na—"

"Mwanangu, nimekuja kupanda ndege. Sikuja kumtoa baba yako."

Kitinda akabandika simu kwenye kioo cha mbele kwa kile kibandiko cha mpira, akamfunga mama yake mkanda mwenyewe, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Saa tatu na robo walikuwa mwanzo wa uwanja, upepo mkali ukiwapiga usoni. Injini ikanguruma. Ndege ikaanza kukimbia, na mama akahisi moyo wake ukikimbia nayo. Ulimi ulimwasha kusema lile neno. Lakini akajizuia. Hii ni ndege ya mtoto sasa, alijiambia, ina mwenyewe. Nisiwe mama mkwe wa dashibodi. Akakumbatia mkoba wake, akatazama nje.

Ardhi ikawaachia.

Lo! Alikuwa amesahau. Alikuwa amesahau jinsi tumbo linavyobaki chini sekunde moja kisha likakufuata. Mabati ya mji yaling'aa chini yao, barabara zikawa nyuzi, mtu mmoja juu ya paa akawapungia fulana aliyokuwa anaanika. Kitinda alipiga ukelele kama mtoto wa miaka sita, na mama, ambaye miezi saba hakucheka kwa sauti, alijisikia akicheka mpaka kifua kikamuuma.

"Mama! Ninaendesha!"

"Nakuona, mwanangu! Angalia mbele!"

Waliruka hivyo nusu saa. Jua lilikuwa limekaza kwenye kioo, na simu ikaanza kulalamika. Ikaandika kwamba imezidi joto, kisha ikazima kama mtu aliyesusa.

"Si kitu," Kitinda alisema, "uwanja nauona kule." Akashusha macho kwenye saa za zamani za vipimo. "Mama. Mshale wa mwendo."

Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Umelala fofofo, na ndege iko angani.

"Umelala tangu lini?"

"Sijui! Wewe hukusema kitu! Nilikuwa nasubiri useme umeamka."

"Nilinyamaza kwa heshima yako!"

"Na mimi nilikuachia kwa heshima yako!"

Walitazamana. Wakati mwingine wangecheka. Lakini uwanja wao ulikuwa mfupi, na mwisho wake kulikuwa na mtaro wa zege wa maji ya mvua. Anayekuja taratibu kupita kiasi, ndege humwangusha kama tofali kabla hajafika. Anayekuja kwa kasi mno, huingia mtaroni. Kati ya hayo mawili kipimo ni mshale, na mshale hawakuwa nao.

"Mwalimu wenu hakuwafundisha kutua bila mshale?"

"Alitufundisha. Mara mbili, kwenye uwanja mrefu, yeye akiwa pembeni." Mikono ya Kitinda ilikuwa imeng'ang'ania usukani. "Mama, kisanduku."

Mama alikuwa ameshafungua mkoba. Kisanduku kilikuwa mkononi mwake, kidole juu ya kitufe, na anga lote lilikuwa wazi juu ya kioo, hakuna zege hata kidogo. Alijua kitakachotoka. Alimtazama binti yake, jasho likimtiririka shavuni kwenye kishimo kilekile cha baba yake, akabonyeza. Akakisukuma kwenye kishikizo. Kikaingia kwa mlio wa *tak*, kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake.

Kilisubiri. Kilitafuta setilaiti dakika nzima, dakika ndefu kuliko mwezi. Kisha ramani ikafunguka, ndege ndogo nyeusi ikatokea katikati, mistari ya buluu ikatandazika pande zote, na pembeni ikaja namba ya mwendo: mia na kumi na nane.

"Mungu asante! Maili mia na kumi na nane," Kitinda alisema. "Basi nitatua kwa namba hiyo. Natakiwa sabini."

"Ngoja!" Mama aliinua mkono. "Huo ni mwendo wa kivuli chako chini, si mwendo wa hewa kwenye bawa. Upepo unakusukuma mgongoni. Ukigeuka, utakupiga usoni, na namba itadanganya upande wa pili."

"Sasa nitajuaje hewa?"

Mama alikuwa anatazama kioo. Ndege ndogo nyeusi ilikuwa inasogea sambamba na uwanja, na chini yake kabisa, kama kitanda kilichotandikwa mapema, palikuwa na ile mistari miwili iliyonyooka kama reli.

Miaka ya ramani za karatasi ikamrudia. Saa mkononi, daraja hapa, mnara kule, na sauti ya mumewe: *Ramani, ya kwenda ngapi? Ya kurudi ngapi?* Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiupima upepo, kabla ya mke mwenza. Na mwenye mshale mzima ana haja gani ya kupima upepo kwa kwenda na kurudi?

"Mshale wake ulikufa!" alipiga kelele. "Baba yako! Siku ile! Mshale wake ulikufa, akapima! Fuata mstari wake, Kitinda, usiguse injini. Ya kwenda ni mia na kumi na nane. Sasa geuka, urudi juu ya huu mwingine!"

Kitinda akalaza bawa. Ndege ikazunguka, upepo ukawapiga usoni, na ile ndege ndogo ya kwenye kioo ikaukalia mstari wa pili wa Rubani kama ushanga juu ya uzi. Namba ikaanza kushuka. Mia. Tisini. Themanini na tano. Ikatulia.

"Sabini na nane!"

"Jumlisha, mia na tisini na sita. Gawa kwa mbili, tisini na nane. Huo ndio mwendo wetu wa hewani. Kinachobaki ni ishirini, huo ni upepo." Mama alikuwa ameichukua penseli iliyokuwa magotini mwa Kitinda bila kuomba. "Tukitua upepo uko usoni. Unataka sabini, toa ishirini, ni hamsini. Upepo wa chini hupungua, kwa hiyo ongeza tano. Usishuke chini ya hamsini na tano!"

"Hamsini na tano," Kitinda alirudia. "Hamsini na tano."

Walizunguka, wakaukabili uwanja. Mama alisoma kwa sauti, kama zamani, bila kupumzika. "Sabini na mbili. Sitini na sita. Sitini. Hamsini na saba."

"Mama, inaonekana ndogo! Tunaanguka!" Mkono wa Kitinda ulikuwa tayari unasukuma injini.

"Hatuanguki! Jumlisha ule upepo kichwani mwako, una sabini na saba. Acha mkono! Hamsini na sita. Hamsini na tano. Shikilia. Shikilia, mwanangu. Shikilia hivyohivyo!"

Gurudumu likagusa. Likaruka kidogo, likagusa tena, likakaa. Changarawe zikapiga tumbo la ndege kama mvua juu ya bati. Mtaro ulikuja, ukakua, ukapunguza haraka yake, na ndege ikasimama na nafasi ya kutosha kuegesha lori.

Wote wawili wakaanza kupiga kelele kwa pamoja, wakipigana mabega, mpaka fundi aliyekuja mbio akadhani wanagombana.

Tatizo alilipata kabla hajavuta pumzi. Chini ya bawa, ndani ya lile bomba jembamba linalopokea hewa ya mshale, aliingiza waya, akatoa kidonge cha udongo mkavu.

"Nyigu," alisema. "Kamejenga nyumba. Mfuniko wa bomba ulichanika, nikafunga mfuko wa nailoni, na leo asubuhi nimetoa mfuko bila kuchungulia. Kosa langu, shemeji."

"Na siku ile ya marehemu?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Fundi!"

"Alikuwa nyigu vilevile, naye hakuchungulia kabla ya kuruka. Aliniapisha. Alisema, 'Ukimwambia Ramani, kuanzia leo nitarusha kochi tu, si ndege.'"

Mjane alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakaja, akayaacha yaende. Basi jibu lilikuwa hilo. Miezi saba amekaa nalo stoo, kumbe mzee alikuwa anaficha kosa lake asigombezwe.

Kitinda alikuwa bado kwenye kiti, akitazama kioo. "Mama. Pole. Safari yenu ile ya wawili, kimeanza kuila." Na kweli. Mstari wa zamani kabisa, ambao asubuhi ulianzia uwanjani, sasa ulianzia hewani, mbali na mji, mahali pasipo na kitu.

Mama alipanda, akakaa kiti cha kulia, akautazama kwa muda.

"Hapo palipofutika alinimwagia chai ya chupa," alisema. "Mbele kidogo tuligombana nani aliacha dirisha wazi. Ile nilikuwamo, mwanangu, ninayo kona kwa kona. Ya peke yake ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi, na leo tumeiruka." Akanyoosha mkono kana kwamba anakwenda kukizima kisanduku. Badala yake akafuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya khanga. "Kaa hapo, mke mwenza. Hicho ndicho kigoda chako. Fundi! Hilo bomba limezibuka?"

"Limezibuka. Nimepuliza, nimepima, nimechungulia mara tatu."

"Pima ya nne, mbele yangu."

Alipima ya nne. Walikunywa maji, Kitinda akanawa uso, na saa tano kasorobo ndege ilikuwa tena mwanzo wa uwanja. Injini ikanguruma. Mama aliweka mkoba chini ya miguu, akaegemea mbele, akaukazia macho ule mshale wa zamani kama paka aliye mbele ya tundu la panya. Magurudumu yakakimbia. Mshale ukatetemeka, ukainuka.

"Umeamka!" walipiga kelele wote wawili, kila mmoja akihofia mwenzake atanyamaza.