Mwenye Mwiko

Katika kundi langu la maigizo hakuna bosi. Hivyo ndivyo nilivyopenda kujigamba, nikiwa bosi. Kila mara kabla ya mazoezi tuliketi duara, kuanzia mwigizaji mkuu hadi fundi wa taa, tukapokezana mwiko niliouchukua jikoni kwangu. Mwenye mwiko husema, wengine hunyamaza. Kumkatiza mwenye mwiko ni mwiko, nilikuwa nawaambia, na utani huo sikuuchoka maana niliutunga mimi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikaa nyuma ya pazia na daftari, akiwanong'oneza waigizaji waliosahau maneno. Ana kigugumizi. Akinong'ona hakimpati, ila akisema kwa sauti maneno humkwama, nami kumwona mtu akihangaika siwezi. Nina haraka tangu kuzaliwa. Yeye alianza sentensi, mimi nikamalizia. Nilijiambia namsaidia.

Siku moja tulikuwa tunamtafuta wa kuigiza mama katika mchezo mpya. Nikauliza kwenye duara nani anaitaka nafasi hiyo. Mwiko ulipofika kwa wifi, akaushika kwa mikono miwili na kusimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mimi nataka ku... ku... ku..."

"Kubaki nyuma ya pazia," nikamalizia. "Tunajua, wifi. Bila wewe tungeshaumbuka zamani."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Fundi wa taa peke yake hakupiga, nikadhani mikono yake ina vumbi. Wifi akaketi, akampa mwiko aliyefuata. Nafasi ile nikampa mama mmoja mwenye sauti kubwa na kichwa chepesi cha kusahau. Tulizunguka na mchezo huo miaka mitatu, na miaka yote mitatu wifi alimnong'oneza maneno ya mama.

Kisha asubuhi moja akaja nyumbani, akaliweka daftari mezani. Alisema amepata kundi lingine. Nikamuuliza, tena kwa ukali, amekosa nini kwetu. Mume wangu aliona mambo yanaharibika, akajitia kwenda kumwagilia maua.

"Siku ile nilikuwa na mwiko," wifi akasema. "Nilitaka ku... ku..."

Niliuma ulimi. Ilichukua muda.

"Kuigiza, wifi," akamalizia mwenyewe.

Nikamuuliza mbona hakusema. Swali hilo linanitia haya hadi leo. Akachukua mkoba wake, akaenda.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama. Niliketi safu ya nyuma kabisa asinione. Jukwaani alikuwa mama, na mwanawe alikuwa anafunga begi la safari. Wifi akamshika mkono.

"Usi... usi..."

Ukumbi mzima ukangoja. Yule aliyeigiza mwanawe naye akangoja, macho kwake, bila papara yoyote. Nikajua kuna mtu aliyewafundisha kungoja hivyo, na mtu huyo si mimi niliyezunguka na mwiko miaka yote. Nilijuta.

"Usiondoke," nikasema, kwa sauti, kabla yake.

Mama mmoja nisiyemjua, aliyeketi kando yangu, akanigusa goti.

"Mwache amalize," akaninong'oneza.