Kengele Arobaini na Moja

Ofisini kwetu kuna kengele ya shaba, imening'inia kando ya ubao wa kazi. Ukimaliza kitu kipya kwenye programu, unahamishia karatasi yako safu ya "Imekwisha", unagonga kengele, wenzako wanapiga makofi. Mwaka ule nilikuwa nimegonga mara arobaini na moja. Waliniita Mama Kengele, na msidhani nilichukia. Kichwa kilinivimba.

Nusu ya kengele hizo zilitokana na mfumo wa dirisha la dawa wa hospitali moja. Mkurugenzi wa hospitali akiomba kisanduku kipya kwenye skrini, naweka, nagonga. Akitaka kisiachwe wazi, nakifanya cha lazima, nagonga tena. Hata lile swali la "Umetusikia wapi?" niliweka mimi, kwa mkono wangu huu.

Jumatatu moja mama mdogo akanipigia simu. Yeye ndiye anayetoa dawa kwenye dirisha hilo, mwaka wa kumi na tisa sasa.

"Mwanangu, nimepewa barua. Wanasema mimi mzito. Ijumaa kompyuta inamtolea mkurugenzi orodha, na walio chini wanaondoka."

Orodha hiyo niliijua vizuri. Ndiyo iliyokuwa karatasi yangu ya wiki ile ubaoni: "Watumishi wazito". Ningeimaliza, ingekuwa kengele ya arobaini na mbili. Nikashindwa kumwambia, nikasema tu kesho nitapita dirishani kwake.

Kesho yake asubuhi nikaenda kukaa nyuma ya dirisha lake, kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mkono. Tangu nianze kuandika ule mfumo sikuwahi kukanyaga pale. Aibu, lakini ndio ukweli. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni ikakata kona ya maabara. Mama mdogo aliwajua watu wake: huyu ana kisukari, yule mtoto hamezi vidonge, mpe ya maji. Dawa ilikuwa tayari mezani kabla mgonjwa hajamaliza salamu. Halafu anageukia kompyuta, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Visanduku ishirini na tatu! Kazi ya mgonjwa. Jina la babu. Elimu. Umetusikia wapi. Mzee anatetemeka kwa homa, anaulizwa aliishia darasa la ngapi! Na ukiruka kimoja, skrini inakuwa nyekundu na kufuta vyote, uanze moja.

"Sasa unafanyaje?" nikamuuliza.

"Naweka nukta. Kila kisanduku nukta. Madirisha yote tunaweka nukta, na cha mchana tunakula usiku." Akabonyeza tena. "Huyu aliyetengeneza hiki kitu, sijui tulimkosea nini. Ningempata ningemkalisha kwenye ile foleni siku moja tu, na homa juu."

"Ni mimi, mama mdogo."

Mkono wake ukasimama na chupa ya dawa hewani.

"Wewe? Wewe niliyekubeba mgongoni?"

Foleni yote ikacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye hakunipa pole.

"Basi kama ni wewe, viondoe," akasema, akamwita anayefuata.

Nikarudi ofisini mori umenipanda. Bosi wetu, tunayemwita Mzee wa Ratiba kwa sababu hata kikohozi chake kina tarehe, alikuwa amesimama mbele ya ubao.

"Nataka kufuta visanduku kumi na tisa," nikamwambia, nikamsimulia na ya mama mdogo.

"Mteja wetu ni mkurugenzi, si mama yako mdogo. Na kufuta hakuna kengele. Ijumaa nataka orodha ya wazito."

"Hiyo siandiki."

"Basi fungasha vitu vyako."

"Nitafungasha. Lakini Ijumaa nina kazi."

Siku tatu nikaandika skrini nyingine, fupi. Jina, umri, dawa, kiasi. Basi. Kila nilipofuta mstari wa zamani nilisikia raha ambayo ile kengele haikuwahi kunipa.

Ijumaa mkurugenzi akaja, bwana mpana mwenye miwani ya kusomea, akaomba kwanza aone mchoro wake anaoupenda, wa kazi za wagonjwa. Mzee wa Ratiba akaufungua ukutani. Wakulima kidogo, walimu kidogo, na mstari mmoja mrefu kuliko yote.

"Hii nukta ni kazi gani?" akauliza mkurugenzi.

Mzee wa Ratiba akakohoa. Mimi nikasimama. Liwalo na liwe.

"Bwana mkurugenzi, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kaa hapa kwenye kompyuta. Mimi ni mgonjwa, nina homa. Nipe dawa."

Akacheka, akakaa. Akaanza kubonyeza kwa vidole viwili. Dakika ya tatu alikuwa kwenye jina la babu.

"Silikumbuki, naumwa," nikasema.

Akaliruka. Skrini ikawa nyekundu, vyote vikafutika.

"Anza upya. Na nyuma yangu wapo sitini."

Jasho likamtoka kwenye paji. "Nani aliyeweka takataka hizi?"

"Uliomba wewe, nikaandika mimi, huyu bwana akapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama kwenye foleni ile. Halafu tunataka kumfukuza anayesimama nayo miaka kumi na tisa! Hatuoni haya?"

Nikamfungulia ile fupi. Nusu dakika haikuisha, dawa yangu ilikuwa imetoka. Mkurugenzi akavua miwani.

"Na orodha ya wazito iko wapi?"

"Haipo. Sikuiandika na sitaiandika."

Mzee wa Ratiba akafumba macho. Mkurugenzi akainuka.

"Basi isiwepo. Na barua aliyopewa huyo wa miaka kumi na tisa nitaifuta mwenyewe. Jumatatu mniwekee hii fupi."

Jumatatu ikawekwa. Saa nane mchana simu yangu ikalia.

"Mwanangu," akasema mama mdogo, huku anatafuna, "leo nimekula cha mchana, mchana."

Akakata. Nilifuta machozi kwa kiganja, sioni sababu ya kuficha. Kisha nikachukua karatasi, nikaandika maneno yake vilevile, nikaibandika safu ya "Imekwisha".

"Hiyo si kazi," akasema Mzee wa Ratiba. "Ndiyo nini hiyo?"

Vitu vyangu vilikuwa bado kwenye boksi chini ya meza, na nimeviacha humohumo hadi leo, ili ajue naweza kuondoka wakati wowote. Nikashika kamba ya kengele nikagonga, nikagonga, mpaka watu wa ghorofa ya juu wakaja kuuliza kuna nini.

"Kuna mtu amekula," nikawaambia.