Koti la Eustaki

Mwezi wa saba mtu wa Sumbawanga havui koti, hata akiambiwa apande mizani. Ndiyo maana desturi ya wale wanaume wanne, tangu waianze miaka kumi na mmoja iliyopita, ilikuwa kupimwa na makoti yao. Kila mwaka, Ijumaa asubuhi kabla ya safari ya Kasanga, walikutana kwenye stoo ya mahindi ya Mboje pale Majengo, wakapanda mmoja mmoja kwenye mizani ya magunia. Wawili waliotoka wepesi walibebeshwa mahindi kwenye kiroba mpaka uzito ulingane na wa wenzao. Mashua zao ndogo za tanga zilikuwa mbili, kazi ya fundi mmoja, na hakuna aliyetaka mtu ashindwe halafu asingizie tumbo la mwenzake. Mbio zikiisha, kiroba kilipelekwa mashineni, na ugali wake wakaula wote wanne kwa samaki aina ya migebuka.

Tuntufye alipanda wa kwanza, kilo sabini na nane. Alikuwa mpima ardhi wa manispaa, amebakiza miezi minane astaafu, na alikuwa amechoka. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha. Mkewe, Happy, aliugua miaka mitatu, na miaka hiyo yote Tuntufye ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akampeleka Mbeya na kumrudisha, hadi mwaka juzi alipomzika. Tangu hapo kila jambo lilikuwa kwake mlima aliokwisha kuupanda, na sasa anaambiwa apande tena. Hata safari hii alikuja kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Akafuata Eustaki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi palepale Majengo, rafiki yake na mwenzake wa mashua tangu mbio za kwanza. Alikuwa ndani ya koti lake zito la kijivu. Mizani ikasoma themanini na moja. Mwaka jana ilikuwa themanini na tatu, na mwalimu Vicent, ambaye kumbukumbu ya namba haijawahi kumtupa, akasema kilo mbili hizo amezila shemeji Adela, mke wa Eustaki. Wote wakacheka. Tuntufye naye alicheka, ila macho yake yalikuwa kwenye kola. Shingo ya Eustaki ilisimama ndani ya kola ile kama mchi ndani ya kinu.

Aliona. Tuseme ukweli, aliona vizuri kabisa, kisha, wenzao wawili walipokwisha kupimwa, akamgeukia Mboje akauliza wanadaiwa mahindi kilo ngapi. Mboje akasema tano. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wazee walishamaliza habari za mgonjwa. Habari za yule anayeyaona maradhi ya mwenzake akageuzia macho kiroba, hizo sijui kama walizisemea.

Walikwenda kwa gari la Vicent. Walikunywa chai Matai, na baada ya hapo barabara ikaanza kuteremkia ziwani na joto likaanza kuwapokea. Raymond, karani wa mahakama na mwenzake Vicent wa mashua, alivua sweta kabla hata ya kona ya kwanza. Vicent akafuata, kisha Tuntufye. Eustaki hakuvua. Alisema ana mafua. Jasho lilimtiririka mashavuni mpaka Kasanga, na Tuntufye aliyekaa ubavuni mwake alifungua dirisha, akatazama nje safari nzima.

Jumamosi asubuhi waliteremsha mashua majini. Mbio zao zilikuwa za kwenda hadi kwenye dumu la njano lililofungiwa jiwe kule mbali, kulizunguka na kurudi ufukweni, mara mbili. Eustaki sasa alibaki na shati, akavaa jaketi okozi juu yake, na lile koti akalikunja akaliweka miguuni mwake ndani ya mashua. Raymond alimuuliza kama anaenda kuwauzia samaki makoti. Eustaki akajibu kwamba akiliacha ufukweni litaibwa, na Adela hatamwelewa. Tuntufye alikuwa ameshaingia mashuani. Alishika kamba ya tanga, Eustaki akashika usukani kama miaka yote, na wakaondoka.

Mzunguko wa kwanza walitangulia wao. Eustaki hakuwa na nguvu, lakini upepo alikuwa bado anausoma, na ziwa lilikuwa limetulia. Wa pili, upepo wa kusini ukaamka. Kwenda kwenye dumu kulitaka kubisha, yaani kukata maji kwa mshazari huku na huku, na kila wanapogeuza, wote wawili wahamie haraka upande unaoinuka ili mashua isilale. Mara ya kwanza Eustaki alihama akiwa ameshika ubao kwa mikono miwili. Mara ya pili alichelewa. Mara ya tatu hakuhama kabisa. Mashua ikalala, maji yakaingia kwa wingi, na Tuntufye akajitupa nyuma huku akilegeza kamba. Kwa mkono mmoja akalikamata lile koti alitupe upande wa juu, lisije likanywa maji.

Halikunyanyuka.

Alilivuta kwa mikono miwili. Bitana ikachanika, na misumari ya inchi nne ikamwagika kwenye maji yaliyojaa ndani ya mashua. Ilikuwa imefungwa kwenye karatasi za dukani na kushonewa ndani ya koti, mgongoni na kifuani, kwa mishono mikubwa ya mwanamume asiyejua sindano. Tuntufye aliliacha tanga lipige hewani. Mashua ya akina Vicent ikawapita, Raymond akawapungia kofia.

"Kilo ngapi?" Tuntufye akauliza.

"Kumi na mbili."

Kisha Eustaki akaeleza haraka kwamba mbio hakuzidanganya. Uzito uliopimwa kwa Mboje ndio huu uliomo kwenye mashua, na ndiyo sababu amelibeba koti. Aliowadanganya ni wao tu, macho yao. Alianza kupungua baada ya Pasaka. Daktari wa mjini alimwandikia barua ya kwenda hospitali Mbeya, naye akaitia kwenye mfuko wa koti hilohilo, na huu ni mwezi wa pili. Adela anajua ni vidonda vya tumbo.

Tuntufye alipandwa na hasira ambayo hakujua kama bado anayo. "Miaka kumi na mmoja tunapanda mashua moja. Kwa nini hukuniambia?"

Eustaki alilitazama lile dumu la njano. "Wewe umeshauguza, Tuntu. Nilisema mwaka huu nikuache upumzike."

Maneno hayo yalimchoma Tuntufye, na yalimchoma kwa sababu ndicho alichokuwa akikitaka. Tangu Ijumaa kwenye mizani alikuwa akiomba kimoyomoyo asiambiwe. Na mgonjwa alikuwa ameisikia dua yake kabla hajaiomba, akakaa taa ikiwaka anajishonea misumari. Aibu ilimjaa hadi masikioni. Nguvu mpya hazikuja. Aliiona benchi ya kwenye korido kule Mbeya, akaliona hotipoti la uji, akasikia jina la mgonjwa likiitwa dirishani, na mwili mzima ukamwambia hapana. Alikuwa amechoka jana na angeamka amechoka kesho.

Akachukua kopo akaanza kuchota maji. Yalipokwisha, akaokota misumari mmoja mmoja, akairudisha kwenye koti, kwa maana uzito uliotoka ufukweni sharti urudi ufukweni. Akamwambia Eustaki akae katikati, ashike usukani tu, kuhama atahama yeye kwa niaba ya wote wawili. Walilizunguka dumu. Walipofika ufukweni, wenzao walikuwa wameshakunja tanga na kununua samaki.

Desturi ni kwamba walioshindwa ndio wanaopandisha vyombo hadi nyumba waliyofikia, juu ya kilima. Vicent alikuwa tayari ameandaa utani wa kutosha. Kabla hajaanza, Tuntufye alilikung'uta lile koti maji, akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, kwenye jua lile la Kasanga. Raymond alicheka mpaka akakaa chini, akauliza huyu Mnyakyusa amepatwa na nini. Tuntufye akasema mafua ya Eustaki yamemhamia yeye. Akajitwika kiroba, akaanza kupanda.

Kilo kumi na mbili si nyingi ukizisikia. Kufika nusu ya kilima mabega yalikuwa yanamwaka, na akasimama kumsubiri Eustaki, aliyekuwa amepewa kafi moja tu na bado anahema. Tuntufye aliingiza mkono mfukoni, akaipapasa ile bahasha ya daktari, akaitoa.

"Imelowa," Eustaki akasema.

"Inasomeka. Jumatatu alfajiri tunaondoka."

Eustaki akaanza kueleza kwamba Jumatatu dukani kunashuka mzigo wa saruji, kwamba labda wiki ijayo, kwamba Adela peke yake hataweza.

"Nimechoka, Mfipa," Tuntufye akasema. "Usinibishie."

Akageuka aendelee. Nyuma yake akasikia kafi likiwekwa chini kwenye majani, kisha koti likavutika kidogo: Eustaki alikuwa ameshika pindo lake. Tuntufye akaongeza mwinamo, akaendelea kupanda.