Vipande Vitatu vya Kibanja cha Baba

Kibanja cha baba yetu pale Rubya nilikigawa mimi, Kokugonza, kwa mikono yangu hii. Asije mtu akakudanganya kwamba ni wazee wa ukoo. Wale walikuja kula tu.

Baba alifariki vita vya Hitler vimekwisha, mdogo wangu Datius amerudi kutoka Burma. Kaka yetu mkubwa, Rwegasira, akaniita. "Gawa vipande vitatu vinavyolingana," akasema. "Mimi, Datius na wewe. Umemuuguza baba miaka tisa, unalijua kila shina."

Nikamuuliza, tangu lini mwanamke akapewa kibanja?

"Ukoo niachie mimi. Ila changu na chako vipakane, nipate kukuangalia."

Mawe, mama yangu we! Nililia kwa furaha. Mume wangu wa Kemondo alikwisha kunifukuza, na mahali pengine pa kwenda sikuwa napo.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Migomba ya nyuma ya nyumba ilikula samadi, shina moja likazaa kushinda mawili ya mteremkoni. Mibuni mizuri yote ilijazana upande mmoja. Na kila kipande lazima kiguse njia ya kisimani. Nikapanga kwenye ungo: maharage ndiyo migomba, mahindi ndiyo mibuni, kamba za mgomba ndiyo mipaka. Nikisogeza kamba Datius apate kahawa, ndizi zinampungua. Nikimrudishia ndizi, anakosa njia. Nilitukana ule ungo mpaka jirani akaja kuuliza nagombana na nani.

Siku ya tatu hesabu ikakubali. Nikahesabu mara nne, hakuna aliyemzidi mwenzake. Nikaenda kupanda milamula, miti yetu ya mipaka, huku naimba kama bibi harusi.

Jumapili baada ya misa wazee wakakagua, wakasifu sana. Kisha Mzee Kagaruki, mkubwa wa ukoo, akasimama. "Kwetu mrithi mkuu huchukua viwili. Rwegasira, chukua hivi vinavyopakana. Datius, kile cha bondeni ni chako." Akaketi.

Nikamtazama Rwegasira aseme neno. Anatafuna punje za kahawa tu, macho chini.

"Na mimi je?" nikamuuliza mbele ya watu.

"Utamsaidia mke wangu jikoni mpaka upate mume mwingine."

Wakacheka. Nilitamani kumrarua uso. Ndugu wa tumbo moja kunifanyia vile!

Nikamgeukia Datius. Huyu nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, nikamtafunia ndizi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Ukanyamaza siku zote tatu?"

Akavuta koti lake la jeshi, hakunitazama. "Tungekwambia ni vyetu peke yetu," akasema, "usingetugawia kwa haki."